Mdhamini Akila Amana, Nani Atalipa? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yametokana na kazi yangu ya kusaidia watu kujaza fomu za mirathi hapa Kisumu, Kenya. Mengine niliulizwa kwenye benchi nje ya mahakama, mengine kwa simu kutoka Nakuru, Kakamega na Siaya. Mifano nimeigeuza ili asijulikane mtu. Anayelalamikiwa mara nyingi si mwizi wa kuvunja mlango. Ni baba mdogo, au kaka mkubwa, ambaye hakuwahi kuambiwa na yeyote kwamba sheria inamwita mdhamini. Kutoambiwa huko hakumwokoi.

Niliwahi kuwa mdhamini wa jirani kwenye mkopo wa sako. Ni udhamini huo huo?

La. Neno letu hili limetwikwa mizigo mingi: kuna mdhamini wa mshtakiwa kortini, wa mkopo, hata wa timu ya kandanda. Hapa tunazungumzia mtu anayeshika mali kwa jina lake au kwa mamlaka aliyopewa, ilhali faida yake ni ya mwingine. Mali hiyo ni amana, na yule wa kufaidi ni mnufaika. Mdhamini wa mkopo ameahidi kulipa deni la mwenzake asipolipa. Huyu wetu ameahidi kwamba kilichomo mkononi mwake hatakifanya chake.

Sikusaini karatasi yoyote. Nimekuwaje mdhamini?

Wengi huwa wadhamini bila kujijua. Ndugu yako akifa bila wosia na ukachukua hati ya kusimamia mirathi, umeshaingia. Mtoto wake akiwa chini ya miaka 18, fungu lake lazima lishikwe kwa niaba yake hadi atimize umri huo, na kifungu cha 84 cha Sheria ya Urithi, Sura ya 160, kinakufanya wewe msimamizi kuwa mdhamini wake. Shamba la ukoo likiandikwa jina lako ili uwashikie wengine, umeingia pia. Hata mchango wa mazishi uliobaki na mkakubaliana kuwa ni wa karo ya mayatima, ukiingia kwenye simu yako umekuwa amana, ingawa hakuna wakili aliyeandika neno.

Kuna jambo baya zaidi. Mtu hana hati yoyote, lakini wiki moja baada ya matanga ameanza kukusanya kodi na kuuza ng'ombe wa marehemu. Kifungu cha 45 kinaliita hilo kosa la jinai: faini isiyozidi shilingi 10,000, au kifungo kisichozidi mwaka 1, au vyote viwili. Juu ya hayo atatakiwa kujibu kwa kila alichogusa.

Shamba la babu liliandikwa jina la kaka mkubwa wakati wa upimaji. Sasa anasema hati ni yake na sisi ni wageni. Kweli?

Katika maswali yote, hili ndilo ninaloulizwa zaidi. Linatoka Vihiga, Siaya, Bungoma, popote mashamba yalipopimwa wakati baba ameshafariki au yuko kazini mbali, kijana wa kwanza akasimama mbele ya maofisa na jina lake likaingia kwenye rejista.

Zamani huyo kaka angeshinda. Mwaka 1972, katika kesi ya Obiero dhidi ya Opiyo, na tena mwaka 1973 katika Esiroyo dhidi ya Esiroyo, mahakama ilishikilia kwamba aliyeandikishwa chini ya sheria ya ardhi ya wakati huo ndiye mwenyewe, na haki za kimila zikafutika. Majina hayo mawili yanajieleza: zilikuwa kesi za watu wa upande huu wetu, na familia nyingi za huku zilizinukuu kwa machungu kwa miaka mingi.

Mambo yalibadilika kwa hatua. Majaji wengine walianza kukubali kwamba hati inaweza kubeba amana ndani yake. Kisha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 ikaandika waziwazi, kifungu cha 28, kwamba amana za kimila zinaifunga ardhi hata kama hazionekani kwenye rejista. Kifungu cha 25 nacho kinasema usajili haumwondolei mwenye hati wajibu alio nao kama mdhamini. Mwaka 2018 Mahakama ya Juu, katika kesi iliyotoka Meru, ikafunga mjadala na kuziweka kando zile hukumu mbili za zamani.

Ila usishangilie mapema, kwa sababu mzigo wa kuthibitisha ni wako. Utaulizwa: kabla ya kuandikishwa, ardhi hii ilikuwa ya familia, ukoo au kundi? Wewe ni wa familia hiyo? Uhusiano wako nayo ni wa karibu au wa kubahatisha? Ungalipata haki yako kama si yale yaliyotokea? Na huyo unayemshtaki ni mmoja wa familia hiyo? Kaka akionyesha kwamba alilinunua kwa mshahara wake, hadithi ya babu haitakusaidia. Makaburi, boma la zamani, miti ya mpaka, na wazee waliokuwepo siku ya upimaji ndio ushahidi wako. Waandikishe kauli zao wakiwa hai.

Wajibu wa mdhamini ni upi hasa?

Afuate masharti ya wosia, hati au sheria iliyomweka. Aikusanye mali na kuilinda. Asiichanganye na yake. Asijifaidi. Awatendee wanufaika wote kwa haki, bila kumpendelea yule anayempigia simu kila Jumapili. Na atoe hesabu. Kazi hii haina mshahara, isipokuwa hati iliyomweka au mahakama imeruhusu, ingawa gharama halali za kuihudumia mali anarudishiwa.

Tukirudi kwenye mirathi, kifungu cha 83 cha Sheria ya Urithi kimeweka saa ukutani: orodha kamili ya mali na hesabu ndani ya miezi 6 tangu kupata hati, na ugawaji ukamilike ndani ya miezi 6 tangu mahakama ithibitishe hati hiyo, isipokuwa kwa amana inayoendelea kama ya watoto. Nimeona mirathi za miaka 20 ambazo hazijatoa hata ukurasa mmoja wa hesabu.

Hesabu ina uzito gani kiasi hicho? Si mradi watoto wamesoma?

Tuchukue mfano. Marehemu aliacha vyumba 10 vya kupangisha Kaptembwo, Nakuru, kila kimoja shilingi 3,500 kwa mwezi. Baba mdogo amekusanya kodi miaka 6. Hiyo ni 35,000 mara miezi 72, yaani 2,520,000. Anakuja kortini na risiti za karo 640,000, ukarabati 210,000, na ada za kaunti 90,000. Jumla 940,000. Zimebaki 1,580,000.

Atasema vyumba vingine vilikaa wazi. Huenda ni kweli, na mahakama itasikiliza akiwa na daftari la wapangaji. Atasema alinunua chakula na sare za shule. Huenda alinunua. Lakini gharama isiyo na uthibitisho inaweza kukatwa kwenye hesabu yake kama kwamba hakuilipa, na shaka inayoletwa na daftari lililokosekana humwangukia yeye aliyepaswa kuliweka. Ndivyo mtu ambaye hakuiba hata shilingi anavyoweza kuamriwa kulipa zaidi ya milioni moja na nusu, pamoja na riba kadiri jaji atakavyoona. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hawakutaja kwamba bili ya upotevu humfuata mtu hadi nyumbani kwake.

Basi wewe unayeshikia wengine mali, fungua akaunti ya benki peke yake kwa ajili ya amana. Nambari moja ya simu inayopokea kodi ya mayatima, malipo ya miwa yako na faida ya pikipiki yako ni mtego unaojitegea mwenyewe. Pesa zikishachanganyika, wewe ndiye utakayetakiwa kuonyesha ipi ni yako.

Kumdai baba mdogo hesabu si kumkosea adabu?

Swali hili huja kwa sauti ya chini, hasa kutoka kwa wasichana. Najua uzito wake. Mtu aliyekulipia karo, aliyesimama kwenye harusi yako, utamwandikiaje barua ya madai?

Jibu langu ni kwamba hesabu haina maana ya shutuma. Ni haki ya mnufaika hata pale ambapo hakuna anayeshuku lolote. Anza na barua fupi: "Baba, tunaomba utuonyeshe kilichoingia na kilichotoka tangu mwaka fulani." Mpelekee mbele ya shangazi au mzee anayeheshimiwa, ubaki na nakala iliyotiwa saini ya kupokelewa. Akitoa daftari, mambo yameisha na heshima yake imepanda. Akikasirika na kukufukuza, hiyo nakala itakuwa karatasi ya kwanza kwenye faili lako, kwa sababu kifungu cha 83 kinakuruhusu kuomba mahakama imlazimishe.

Barua ya wakili kama hatua ya kwanza siipendi. Huziba masikio ya watu ambao wangeweza kusikia.

Nilitumia pesa za amana kidogo nikarudisha zote. Nimekosa nini?

Umekosa, ingawa deni huenda halipo tena. Kilicholetwa na fedha za amana ni cha amana. Ukichukua 200,000 za watoto ukanunua mahindi Kitale, ukayauza Kisumu kwa 290,000, zile 90,000 nazo ni za watoto. Ukipata hasara, hasara ni yako peke yako. Inaonekana kama mchezo usio wa haki, na shabaha yake ni hiyo hiyo: usiucheze.

Ukali huu una asili ya kale. Mwaka 1726 huko Uingereza, katika kesi ya Keech dhidi ya Sandford, mdhamini alimshikia mtoto mkataba wa kukodi soko la Romford, karibu na London. Muda ulipoisha, mwenye soko akakataa kuurefusha kwa jina la mtoto. Mdhamini akauchukua kwa jina lake mwenyewe. Jaji hakuona ulaghai wowote, na mtoto asingeupata kwa vyovyote, lakini aliamuru mkataba na faida yote virudi kwa mtoto. Katika watu wote duniani, alisema, mdhamini ndiye pekee asiyeweza kuuchukua. Kanuni hizo za usawa (kwa Kiingereza equity) ziliingia kwetu kupitia Sheria ya Mahakama, Sura ya 8, inayotaja zile zilizokuwa zikitumika Uingereza tarehe 12 Agosti 1897. Kwa hiyo ukimshikia mpwa wako kibanda cha marehemu mamake pale soko la Kibuye, na kaunti ikakataa kuandika jina la mtoto, usikimbilie kuandika lako ukidhani umepata zali.

Nikinunua mali ya mirathi mimi mwenyewe kwa bei nzuri ya soko?

Mnufaika yeyote anaweza kuomba ununuzi huo ufutwe, hata bei ikiwa nzuri. Pia hakuna ruhusa ya kuuza ardhi ya marehemu kabla hati ya usimamizi haijathibitishwa na mahakama.

Niliwekeza pesa za watoto zikapotea. Nitalipa?

Inategemea ulikwenda vipi. Sheria ya Wadhamini, Sura ya 167, ina orodha ya uwekezaji unaoruhusiwa pale hati haisemi vingine, na hatifungani za serikali zimo. Ukiweka humo na thamani ikashuka, kwa kawaida huulizwi. Ukipeleka kwa jamaa anayeahidi faida mara mbili kwa miezi mitatu, utalipa mtaji wote. Mahakama ina uwezo wa kumsamehe mdhamini aliyetenda kwa uaminifu na kwa busara. Angalia kwamba ni vyote viwili, na wengi huleta uaminifu peke yake.

Mnufaika mtu mzima aliyekubali kitendo hicho akijua yote hawezi kugeuka baadaye akakushtaki. Ridhaa ya mtoto haihesabiki.

Tulikuwa wasimamizi wawili. Mwenzangu ndiye aliyekula. Mimi nadaiwa nini?

Huenda yote. Kifungu cha 58 cha Sheria ya Urithi kinataka wasimamizi wasiopungua wawili pale kuna amana inayoendelea, kama ya watoto. (Wakazi wa Nakuru wasidhani naongelea mtaa wao wa Section 58.) Sababu ya kuweka wawili ni mmoja amchunge mwenziwe. Kwa hiyo yule wa pili aliyesaini kila alicholetewa, au aliyesikia kwamba ploti inauzwa akanyamaza, amevunja wajibu wake mwenyewe. Mnufaika anaweza kuwadai wote au mmoja kwa kiasi kizima, kisha nyinyi wenyewe mkatafutane kuhusu mchango wa kila mmoja. Kwa kawaida anayedaiwa ni yule mwenye mshahara.

Ukigundua mwenzio anakula, andika kupinga, iarifu benki, nenda mahakamani. Kusema "mimi nilikuwa Eldoret kikazi" hakujapata kuwa utetezi mzuri.

Mjane anaweza kuuza shamba aliloachiwa na mume?

Mume akifa bila wosia akaacha mke na watoto, mke hupata vyombo vya nyumba moja kwa moja, na mali nyingine huifaidi maishani mwake, kisha iwafikie watoto. Kwa hiyo anafaidi na papo hapo anawatunzia. Kuuza ardhi hiyo kunahitaji idhini ya mahakama. Nasema haya kwa uangalifu, maana nimeona mashemeji wakiyatumia kumnyanyasa mjane anayeuza ng'ombe mmoja alipe hospitali. Shemeji asiye mnufaika hana hesabu ya kudai. Kwa Waislamu, ugawaji hufuata sheria ya Kiislamu na Kadhi ndiye wa kuendewa.

Mdhamini anaweza kufungwa jela?

Ndiyo, lakini ulaghai lazima uthibitishwe. Kifungu cha 327 cha Kanuni ya Adhabu kinatoa hadi miaka 4 kwa mdhamini anayegeuza mali ya amana kwa nia ya kulaghai. Msimamizi wa mirathi anayetapanya mali au kukataa kutoa hesabu kwa makusudi anakabiliwa na kifungu cha 95 cha Sheria ya Urithi: hadi shilingi 10,000 au mwaka 1. Faini hiyo ni ndogo hadi inachekesha. Chenye meno ni kifungu cha 94 cha sheria hiyo hiyo, kinachomtaka afidie hasara yote kutoka mfukoni mwake, awe ametenda jinai au la. Watu hukimbilia polisi kwanza kwa hasira, halafu hugundua kwamba kumfunga mzee hakurudishi ploti.

Ameshauza. Aliyenunua ananihusu?

Mnunuzi aliyejua, au aliyefumba macho makusudi, anaweza kuamriwa kurudisha. Aliyelipa bei kamili bila kujua ana ulinzi mkubwa zaidi, na hapo utamfuata mdhamini na zile pesa alizopokea: zikinunua matatu, unaidai matatu. Kama bado hajauza, wahi ofisi ya ardhi ukaweke zuio, wengi huliita kosheni, au uombe amri ya mahakama ya kusimamisha mauzo. Siku moja ya kuchelewa inaweza kukugharimu miaka 10 ya kesi.

Muda wa kushtaki unaisha lini?

Kwa ulaghai wa mdhamini, au kudai mali ya amana aliyo nayo au aliyoigeuza kuwa yake, Sheria ya Ukomo, Sura ya 22, haiweki mwisho. Kwa makosa mengine ya mdhamini ni miaka 6. Kwa mtoto, miaka hiyo haianzi kuhesabiwa hadi afikishe 18. Usilale hata hivyo. Mashahidi hufa, na benki hazihifadhi rekodi milele.

Niende wapi?

Kama mirathi ina faili, rudi kwenye faili hilo hilo uombe hesabu, au hati ifutwe chini ya kifungu cha 76 cha Sheria ya Urithi. Mahakimu husikiliza mirathi kulingana na thamani, hakimu mkuu hadi shilingi milioni 20. Zaidi ya hapo ni Mahakama Kuu, iliyoko Kisumu, Nakuru, Kakamega na kwingine. Amana ya kimila kwenye ardhi hupelekwa Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Kama huna pesa za wakili, jaribu Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, na wanawake wa Kisumu wana ofisi ya FIDA, chama cha mawakili wanawake. Chifu ataandika barua ya kutambua warithi, jambo muhimu sana, lakini hana mamlaka ya kuamua ploti ni ya nani.

Malalamiko juu ya wadhamini wa pensheni ya kazini yana njia yake: andikia mfuko wenyewe kwanza, kisha Mamlaka ya Mafao ya Kustaafu.

Mimi ndiye mdhamini na nimechoka. Naweza kujitoa?

Unaweza, ila usitupe funguo mezani ukaondoka. Andaa hesabu hadi siku hiyo, tafuta wa kukupokea au uiombe mahakama imteue, na hamisha akaunti na hati kwa maandishi. Familia ikishindwa kukubaliana juu ya mtu, kuna Mdhamini wa Umma, ofisi iliyo chini ya Mwanasheria Mkuu. Ulichokosea ukiwa kazini hakifutwi na kuondoka kwako.

Mdhamini amekufa na hajalipa. Tumlilie nani?

Deni lake linafuata mirathi yake. Watoto wake hawalipi kutoka mifukoni mwao, lakini hawawezi kugawana shamba la baba yao kana kwamba deni halipo, na kile alichoacha ambacho kilikuwa chenu tangu mwanzo hakiingii kwenye mirathi yake hata kidogo. Peleka dai lako kabla hati yao haijathibitishwa. Nenda na ile barua ya kwanza, yenye saini ya kupokelewa.